Nina laki tisa ya vitabu vya hadithi kwa darasa la nne. Mtoto gani yumo, mtoto gani hayumo?

Kalamu ya Mkaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, shule ya msingi ya serikali, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mwezi uliopita alikuja mwanafunzi wetu wa zamani kutusalimia. Akafungua kabati la vitabu, akakuta mitihani ya miaka ya nyuma, chaki na kiota cha panya. Hakusema kitu. Wiki mbili baadaye kamati ya shule ikapokea laki tisa na sharti moja: zinunuliwe hadithi, vitabu vya kiada visiguswe. Mwalimu mkuu akanitwisha mimi zigo, kisa naonekana na kitabu wakati wa chai.

Kabla ya kwenda dukani nimeanza na darasa lenyewe. Nina watoto 71. Yumo binti wa Kimasai ambaye boma lao liko upande wa Mvomero, siku za shule analala kwa shangazi. Wapo Waluguru wa mlimani, wapo Wasukuma waliofuata ng'ombe wa baba zao. Yumo kijana mwenye ualbino, dawati la mbele kabisa. Yumo binti kiziwi, ambaye shule yenye kitengo cha viziwi iko mbali na nauli hakuna. Wengi, nadhani zaidi ya nusu, wanalelewa na bibi. Na wapo wanaozungusha maandazi kabla ya kengele ya asubuhi.

Halafu nikavitazama vitabu 14 vya hadithi vilivyosalimika na panya. Baba anasoma gazeti kibarazani, mama anapika, Juma anacheza mpira, Asha anafagia. Sijui kama kuna baba hata mmoja wa darasa langu anayesoma gazeti kibarazani.

Kuna jambo limeninyima usingizi. Niliwasomea hadithi bila kuwaonyesha picha: "Daktari akafika, akavua miwani, akampima mtoto." Nikawaambia wachore. Karibu wote walichora mwanamume mwenye tai, wasichana nao vilevile. Sasa rudini kwenye sentensi. "Akafika, akavua, akampima." Hakuna mahali paliposema ni mwanamume. Kiswahili hakituambii, kinaacha mlango wazi, na watoto wangu wakaingiza mtu yuleyule. Kumbe kwenye kitabu cha Kiswahili anayeamua nani ni nani ni mchoraji. Sijawahi kumtazama mchoraji wakati wa kununua kitabu.

Naombeni ushauri. Nichague vipi ili kila mtoto humu ajikute ndani, na amkute pia mwenzake asiyefanana naye?

Binti Muheza

Nimetandika mkeka, siondoki kwenye uzi huu.

Mwalimu, usiagize kwa simu. Mtu wa dukani atakufungia maboksi ya vile visivyotoka. Nenda Dar mwenyewe ukavishike. Uliza vitabu vilivyotoka chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ule ulioanza mwaka 1991. Viko vingi vya Kiswahili na vingine vina mandhari ya kwetu hasa. Wachapishaji Mkuki na Nyota na E&D Vision nao wana vya watoto. Na kabla ya kutoa hata shilingi, ingia Maktaba Kuu barabara ya Bibi Titi, kaa upande wa watoto siku nzima, soma, andika majina. Hapo ndipo nilipojifunza mimi, tena bure.

Chumvi Nyingi

Mwalimu, sikuelewi. Sisi tulisoma Tujifunze Lugha Yetu. Kibanga Ampiga Mkoloni! Nani aliwahi kuhesabu Wamasai wangapi wamo na viziwi wangapi hawamo? Tulisoma, tukacheka, tukaelimika.

Haya ya "vitabu jumuishi" ni nyimbo za wafadhili. Leo watakwambia weka mlemavu, kesho wataleta mambo yao mengine, na mwisho wake tumeuona. Mwaka 2023 serikali si ilipiga marufuku vitabu 16? Nunua vya hisabati.

Kalamu ya Mkaa

Chumvi, shikamoo kama umenizidi umri.

Nashukuru umemleta Kibanga. Kwa nini mpaka leo unamkumbuka? Kwa sababu aliitwa Kibanga, aliishi kijijini, na alishinda. Kuna mtu alikaa akaamua kwamba mtoto wa Kitanzania akifungua kitabu amkute mwenzake kama yeye, na mkoloni awe ndiye anayepigwa. Huyo mtu alihesabu nani yumo, mkuu. Ila alihesabu kwa niaba yako wewe.

Kuhusu 2023: katazo la wizara lilitoka Februari, likagusa vitabu 16, kukiwemo mfululizo maarufu wa Kimarekani wa Diary of a Wimpy Kid. Mimi somo nililochukua pale ni la kazi tu. Wengi wetu tulikuwa na vitabu shelfuni ambavyo hakuna mwalimu aliyewahi kuvisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Hivi vyangu nitavisoma vyote, na vya ziada nitaangalia kama vina ithibati ya serikali. Binti wa Kimasai ni wangu, kiziwi ni wangu. Hakuna mfadhili aliyewaleta.

Pwani Tulivu

Salaam nyingi kutoka Mombasa. Mwalimu, umeangalia mchoraji, vyema. Sasa nakuomba utazame na mwovu.

Mimi huwasomea watoto wa mtaa wetu kila Jumamosi, nina kikapu changu cha vitabu. Siku moja nikavimwaga chini nikavipanga kwa muovu wa hadithi ni nani. Fungu kubwa likawa la mama wa kambo. La pili, ajuza mchawi. Kisha mtu mwenye chongo, mtu mwenye kibyongo, Mhindi wa duka mchoyo. Fisi alikuja baada ya hao wote, maskini.

Ajuza ndiye aliyenitisha. Katika vitabu vitatu alichorwa na macho mekundu. Huku kwetu Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na nyinyi Shinyanga na Mwanza mnajua vikongwe walivyokatwa mapanga kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jiko. Wewe umesema nusu ya darasa wanalelewa na bibi. Mtoto anatoka shuleni amesoma kwamba macho mekundu ni uchawi, anafika nyumbani bibi anapuliza kuni. Hivyo vitatu niliviondoa. Sikuvichoma, nimevifungia kabatini, mtu mzima akitaka kuviona nitamwonyesha.

Na kuhusu Kiswahili kuacha mlango wazi, ni kweli, ila si kila mahali. "Bwana shamba", "bwana afya", "bwana mifugo". Hapo mlango ushafungwa.

Binti Muheza

Huku tunasema pia "bibi shamba". Lakini kitabuni sijamwona.

Mikono Inasema

Mwalimu, nimesoma uzi wote kwa sababu ya huyo binti. Mimi ni kiziwi, niliugua homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka sita. Naandika "kiziwi" kwa makusudi. Wengine wanaona ni tusi, wanazunguka mbuyu na "mwenye changamoto ya usikivu". Chama chetu kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, jina tumejipa wenyewe.

Mambo mawili.

La kwanza, Kiswahili cha kwenye karatasi ni lugha ya kigeni kwa huyo binti. Chukua neno "nilimpelekea". Wewe umelisikia tangu uko mgongoni. Yeye anatakiwa ajue kwamba ndani ya neno moja nimo mimi, yumo yule mwingine, umo wakati uliopita, kuna kupeleka, na kuna "kwa ajili yake". Katika Lugha ya Alama ya Tanzania vitu hivyo vinagawana mikono, uso na upande unaoelekeza. Kwa hiyo mtafutie kitabu ambacho picha zinasimulia hata ukiziba maandishi kwa kiganja, sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Jaribu dukani: ziba maandishi, geuza kurasa. Ukiielewa hadithi, nunua. Lakini usimpe cha chekechea! Ana miaka kumi. Anataka ugomvi, siri, mizimu na mpira kama wenzake. Maneno machache, mambo makubwa. Vitabu vya namna hiyo ni adimu, na ndivyo tunavyovihitaji kuliko vyote.

La pili, ukikuta kitabu chenye mtoto kiziwi, nenda ukurasa wa mwisho kwanza. Kama amepona, kirudishe. Nimechoka na hadithi ambazo kiwete anatembea, kipofu anaona na sisi tunasikia ndege wakiimba, kana kwamba hadithi haiwezi kwisha sisi tukiwa kama tulivyo. Kisha tazama mikono ya huyo mtoto. Wachoraji wengi wanatuchora kama watu wanaofukuza nyuki. Alama ni umbo halisi la vidole. Mchoraji akikosea umbo ameandika upuuzi, sawa na kuandika "mbwaklu" mkategemea tusome "mbwa".

Chumvi Nyingi

Hapo kwenye nyuki nimecheka, samahani. Ila la kuziba maandishi kwa kiganja nimelielewa. Nina mjukuu asomaye kwa shida, nitalijaribu.

Jirani wa Minnesota

Nyumbani Ujiji, sasa niko Minnesota mwaka wa kumi na moja. Niongezee kidogo kutoka upande wa pili wa bahari.

Huku mjadala huu ni mzee. Mwaka 1985 maktaba moja ya chuo kikuu cha Wisconsin kule Madison ilianza kuhesabu, ikakuta kati ya vitabu vya watoto kama 2,500 vilivyochapishwa Marekani mwaka huo, vilivyoandikwa au kuchorwa na watu weusi ni 18. Kumi na vinane. Mwaka 1990 profesa mmoja, Rudine Sims Bishop, akaandika kwamba kitabu kwa mtoto ni kioo, ni dirisha, na wakati mwingine ni mlango wa kioo wa kusukuma unaopitika kabisa. Walimu wa huku wanayarudia maneno hayo kama sala.

Mimi kilichonigusa kilitokea maktaba ya mtaani kwetu. Nilimkutia mwanangu Moja Means One, cha mwaka 1971, cha Muriel Feelings aliyewahi kufundisha Uganda, na mumewe wakati huo, Tom, ndiye aliyechora. Kinahesabu moja mpaka kumi kwa Kiswahili. Nilitoa machozi, nakiri. Wale walikuwa Wamarekani weusi wanawaonyesha watoto wao kwamba Afrika ina lugha yenye hesabu zake, na ni kazi nzuri mno. Lakini ndicho kitabu pekee cha Kiswahili kwenye shelfu ile, na vingine vyote kuhusu Afrika vilikuwa wanyama na vibanda. Usiku mwanangu akaniuliza, "Mama, bibi tembo hawamsumbui?" Mama yangu anaishi nyumba ya bati Ujiji, ana feni, ana deni la dagaa kwa watu wanne. Tembo wa nini?

Kioo kimoja tu kikiwa cha zamani, mtoto anajiona mzee. Kwa hiyo mwalimu, binti wa Kimasai usimtafutie kitabu kimoja cha Mmasai mwenye mkuki na simba ukasema umemaliza. Mtafutie Mmasai anayepanda daladala, anayekosa hesabu, anayeogopa sindano. Na kama kipo cha mtoto aliyekulia kambi ya wakimbizi, nitumie jina. Majirani zangu hapa ni watu wa Uvira, Kongo, waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, watoto wao wanaongea Kiswahili kitamu na hakuna aliyewaandika.

Mzee wa Busati

Nilifundisha sekondari miaka thelathini na moja. Nyote mmesahau kwamba sekondari tulikuwa nayo haya kabla hayajaitwa majina. Takadini ya Ben Hanson, kidato cha tatu na cha nne: mama anazaa mtoto mwenye ualbino, mila inataka mtoto afe, mama anatoroka naye. Vijana wangu walilia. Na Hawa the Bus Driver ya Richard Mabala kwa wadogo zao: mwanamke anaendesha basi, basi. Wavulana wa kidato cha kwanza walibishana wiki nzima kama inawezekana, leo nikipanda mwendokasi namwona huyo Hawa amekaa kwenye usukani.

Tatizo ni kwamba tunawasubirisha mpaka wana miaka kumi na minne. Mwalimu, tafuta njia Takadini aingie darasa la nne.

Kofia Pana

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, hapana.

Mimi nina ualbino. Takadini nimeisoma, ni riwaya nzuri, kwa kidato cha tatu. Mtoto wa miaka kumi mwenye ngozi kama yangu hahitaji kufungua kitabu cha kwanza chenye mtu kama yeye akakuta wazee wanajadili auawe. Hilo analijua. Anapelekwa na kurudishwa shule kwa sababu ya hilo. Na wenzake 70 watakuwa wanamgeukia kila ukurasa.

Ninachotaka kuona ni mtoto mwenye ualbino anaiba maembe na wenzake, wote wanakimbizwa, na yeye ndiye mwongo kuliko wote. Asiwe malaika. Asiwe somo. Na likitokea neno "zeruzeru" kitabuni, msimulizi asilitumie kama jina la kawaida. Akilisema mhusika mbaya kwa ubaya wake, hiyo ni hadithi, mjadiliane.

Mzee wa Busati

Marahaba. Nimekuelewa, na nimenyamaza.

Kalamu ya Mkaa

Mrejesho, wakuu. Nimerudi jana usiku na basi la mwisho, magunia mawili chini ya kiti.

Siku ya kwanza nilifuata ushauri, nikashinda Maktaba Kuu. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto mpaka magoti yakagoma. Siku ya pili na ya tatu nimezunguka maduka. Nimepata vitabu 83, vingine nakala mbilimbili. Nimeziba maandishi kwa kiganja mbele za watu, muuzaji akadhani nina matatizo. Nimekwenda ukurasa wa mwisho kwanza. Nimeacha vitano kwa sababu ya ajuza wa macho mekundu na kimoja kizuri sana kwa sababu kila mtoto wa kijijini alikuwa kifua wazi na kila wa mjini ana viatu.

Katika hivyo 83, kimoja kina mtoto mwenye ualbino kwenye jalada. Anacheka, amevaa kofia, mpira mkononi. Nilifurahi kama nimeokota pesa. Leo asubuhi nikampa kijana wangu wa dawati la mbele awe wa kwanza kukifungua.

Alikileta mpaka puani. Akakigeuza kukwepa mwanga. Baada ya kama dakika tano akanirudishia, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, hiki kina sisimizi."

Nikakitazama upya. Herufi ndogo, tena zimechapwa juu ya picha ya majani, kwenye karatasi inayong'aa kama kioo cha gari. Mchana kutwa wenzake wamekisoma, na kila aliyekisoma alimwangalia. Kitabu kinachomhusu kimesomwa na darasa zima isipokuwa yeye.

Sijui niseme nini. Nilihesabu nani yumo kwenye picha. Sikuhesabu nani anaweza kusoma.

Kofia Pana

Mwalimu, umenirudisha darasa la tatu B. Usijilaumu, kwani hata wanaochapisha vitabu kuhusu sisi wanalisahau.

Wengi wetu tuna uoni hafifu, na miwani haiondoi tatizo lote. Pima hivi: herufi za pointi 18 ndipo inapoanza kuitwa maandishi makubwa, mimi nilihitaji 24. Herufi zilizonyooka zisizo na mikia. Maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe iliyofifia au ya rangi ya maziwa, isiyong'aa. Yasipite juu ya picha. Mistari isibanane. Akae mahali ambapo dirisha liko nyuma yake au ubavuni, asiangaliane nalo. Na mruhusu akilete kitabu puani anavyotaka, hakimharibu macho, ni umbali wake tu. Vya kiada vyenye maandishi yaliyokuzwa vipo kupitia Taasisi ya Elimu, mwambie mwalimu mkuu aulizie kwa afisa elimu maalumu wa wilaya. Vya hadithi ndivyo vya kuvitengeneza mwenyewe.

Fundi Cherehani

Nina steshenari, jina nililirithi na duka. Kuvitengeneza inawezekana. Kuna African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Johannesburg, upo tangu 2014. Hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo, zimepangwa kwa ngazi tano, na leseni yake ni huria: unapakua, unaprinti, unaruhusiwa hata kubadilisha maneno ukawataja waliotunga. Mimi nawaprintia walimu wawili hapa mtaani. Faili naifungua, nakuza herufi, maandishi ukurasa wa kushoto na picha kulia ili visikanyagane. Karatasi ya kawaida, usiingie mtego wa ile nzito inayong'aa, ni ghali na ndiyo inamuumiza kijana.

Chumvi Nyingi

Vya bure nimevifungua hivi sasa. Vipo vitamu, na vipo ambavyo Kiswahili chake kimepinda kama msumari wa kuokota. Nilishakutana na tafsiri mahali inayoanza "Mara moja juu ya wakati". Wakati upi, na juu yake kuna nini? Mtoto akijikuta kitabuni lakini haongei kama mama yake, hapo pia hajajikuta. Mwalimu, nitumie unazotaka kuprinti, nitazipitia lugha. Sina kazi, nimestaafu uhariri wa gazeti.

Pwani Tulivu

Ajabu ya Musa! Chumvi karibu sana.

Kwa vile vyenye haki za mwandishi, msijikuzie kiholela mkauza. Ila jueni upo Mkataba wa Marrakesh wa 2013, uliowekwa ili asiyeona na mwenye uoni hafifu apate nakala anayoweza kuisoma. Kenya tulijiunga 2017. Ulizieni taasisi zenu za wasioona zinautumiaje.

Jirani wa Minnesota

Mwalimu, weka basi orodha ya vitabu 83!

Kalamu ya Mkaa

Nitaiweka, nimeandika nusu. Nimechelewa kwa sababu kumekuwa na vituko. Ni muhula mzima umepita, nawadai maelezo.

Tuliprinti kumi na viwili vya herufi 24, Chumvi akavinyoosha, Fundi akatupunguzia bei. Kijana wangu alisoma vyote kwa wiki mbili, kisha akavisoma vya sisimizi kwa kusomewa na jirani yake wa dawati. Wala hapendi kile cha mtoto mwenye ualbino. Anachopenda ni cha mizimu. Binti kiziwi amekariri cha mvuvi kisicho na maneno mengi na anakisimulia kwa mikono, wenzake wameshajifunza alama ya samaki, ya mawimbi na ya "mwongo". Hiyo ya mwisho inatumika kuliko zote.

Halafu wakataka kutunga chao. Kimetoka kurasa kumi na sita, kinahusu mbuzi aliyekula kofia. Kofia ni ya kijana wangu, jambo la kweli lilitokea nyuma ya jiko la shule. Wakati wa kuandika, mmoja akasema ukurasa wa kwanza uanze "Kulikuwa na mvulana mwenye ualbino". Mwenye kofia akakataa. Akasema: "Andika kulikuwa na mvulana mwenye kofia. Hayo mengine yataonekana kwenye picha."

Nikakumbuka daktari wa tai.

Mbuzi kwenye hadithi anaugua tumbo, anaitwa bwana mifugo. Maneno yanasema hivyohivyo, "Bwana mifugo akaja na mkoba wake." Picha amechora binti wa Kimasai: hereni mbili kubwa, shanga, gauni, mkoba, pikipiki. Nikamuuliza mbona ni mwanamke. Akaniangalia kama nimeuliza mbona mbuzi ana pembe. "Ni shangazi."

Nimewaacha. Bwana mifugo ana hereni.

Sasa shida yangu ya leo. Kitabu hicho cha mbuzi ndicho kinachogombaniwa, tuna nakala tatu za Fundi na zote mgongo umeachia, kurasa zinatembea darasani peke yake. Pini hazishiki. Mwenye ujuzi?

Fundi Cherehani

Pini zitoe zote. Panga kurasa, zibane kati ya mbao mbili, mgongo ukwangue kidogo kwa msasa. Paka gundi ya mbao, ile nyeupe. Juu yake bandika kipande cha chandarua cha zamani, paka tena. Weka chini ya tofali mpaka asubuhi, usichungulie.

Kalamu ya Mkaa

Chandarua ninacho. Tofali nitaazima kwa mafundi wanaojenga choo.